Sikurudi Nyuma, Nilikuwa Naumwa

Naandika haya mara moja ili nisiulizwe tena. Nimechoka. Nikienda mnadani naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa. Juzi nilikuwa nimeinama mferejini naosha miguu, mtu nisiyemjua akasimamisha pikipiki yake pale juu barabarani, akaniita, "Mzee, ni wewe yule wa kurudi nyuma?" Nikamwambia ni mimi yule wa kuumwa. Akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake. Habari ya kuumwa hakuitaka. Basi nawaandikia wanaoitaka, hasa wale wanaoumwa kama mimi na hawajui kwamba wanaumwa.

Jina langu ni Boay, wengine huniita Baba Emiliana kwa jina la binti yangu. Nakaa Tlawi, Mbulu, kwenye shamba aliloniachia baba. Nilisoma mpaka darasa la saba, mtanivumilia. Nalima mahindi, maharage na viazi. Nina ng'ombe, kondoo na kuku. Nguruwe pia tulikuwa naye siku zote, tukichinja huyu tunanunua mwingine, na hatukumfunga. Alizunguka mwenyewe nyuma ya nyumba na kwenye migomba ya jirani, na sisi tuliona hiyo ndiyo faida ya nguruwe, kwamba anajitafutia.

Mke wangu aliitwa Theresia. Yeye ndiye alikuwa msemaji wa nyumba, mimi nilikuwa mwitikiaji. Huku kwetu baridi ni kali, kwa hiyo ndama halali nje. Analala ndani pamoja nasi, upande wake, amefungwa mguu kwenye nguzo. Usipomfunga atakwenda kumnyonya mama yake, na asubuhi mtakunywa chai ya rangi. Kila jioni Theresia alikuwa akimaliza kukamua anasimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, mwanga ukiwa nyuma yake, ananiuliza, "Umefunga ndama?" Nami nasema, "Nimefunga." Anaingia. Maisha yetu yote ya ndoa, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu makubwa, na yalitutosha.

Theresia alifariki wakati wa baridi, kifua kilimbana. Tulimzika hapo hapo nyumbani, upande wa juu. Wazee wetu wa zamani walikuwa na desturi kwamba mtu aliyefiwa na mke au mume anakaa kando, hachangamani na watu wala haazimi moto kwa jirani, mpaka asafishwe. Sisi ni Wakristo, hatufanyi hivyo tena. Lakini desturi haiondoki mara moja. Watu waliniacha peke yangu, wakaona ndiyo heshima, na mimi nikaona ni sawa. Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza hakuwepo mtu wa kuuona.

Ulianza shambani, napalilia maharage. Nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni, kama pale gari linaposhuka mteremko ghafla na tumbo linabaki juu. Kikapanda mpaka kifuani, kikafika kooni. Halafu nikasikia harufu ya maziwa yaliyoungua. Niligeuka kutafuta moto uko wapi. Hakuna moto, ni shamba tupu. Halafu nikawa nyumbani. Sisemi nilikumbuka nyumbani. Nasema nilikuwa nyumbani. Theresia alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu, amejifunga ule mtandio wa kijani, akasema, "Umefunga ndama?" Nikafungua mdomo nimjibu. Mdomo haukutoa neno.

Baada ya hapo sijui. Nilijikuta nimekaa juu ya maharage niliyoyapalilia, nimeyavunja, kichwa kinauma kama kimepigwa, na suruali imelowa. Nilijua ni mkojo. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu. Nikaenda mferejini nikajifua.

Sikumwambia mtu. Ungeniuliza wakati ule ningesema nimemwona mke wangu, na ningenyamaza kuhusu suruali. Watu wengi wanaosimulia mambo ya ajabu wanafanya hivyo hivyo. Wanaeleza ya mlangoni, ya suruali wanaacha. Ninyi msiache.

Ikaja tena baada ya siku chache, na tena. Wakati mwingine nikiwa na jembe mkononi, wakati mwingine nakula. Daima ni tumbo, harufu ya maziwa, mlango, swali. Daima mtandio ule ule. Nami kila mara nilijaribu kujibu, na kila mara nilishindwa. Nikitoka huko nilikuta ulimi umeumia pembeni, nikitema mate yana damu. Nilianza kukonda. Nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa, lakini neno mgonjwa halikunijia kichwani.

Sasa nimseme Safari. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Theresia, anakaa Gehandu kule Hanang. Mama yake alimzaa njiani akitoka mnadani, ndiyo maana akaitwa Safari, na mpaka leo kila jambo kwake ni safari. Ni mtu mwema. Alimlilia dada yake kuliko nilivyolia mimi. Lakini ana simu kubwa, na ndani ya simu hiyo kuna watu wanaomwambia mambo, na yeye anayaamini yote kwa sababu yanasemwa kwa sauti nzito na muziki nyuma.

Mimi baada ya msiba nilibaki na simu ya Theresia, kitochi chake cha zamani. Asubuhi moja nilimpigia Safari kumwomba aje tusaidiane kuvuna. Katikati ya maneno ile hali ikanishika. Sikumbuki. Yeye anasema alinisikia nikinyamaza, nikatafuna-tafuna, nikameza mate, halafu nikasema polepole, "Theresia." Kesho yake akatokea na vumbi lote la Hanang miguuni.

"Shemeji," akasema, hata maji hajanywa, "jana ulinipigia saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda."

"Lete simu yako." Akaibonyeza, akaiweka karibu na yake. Halafu akanionyesha. "Tazama mwenyewe. Yangu inasema nimepokea saa kumi kamili ya kizungu, yaani saa nne asubuhi. Yako inasema umepiga saa nne ya kizungu. Saa kumi ya alfajiri, shemeji! Hapo katikati simu ilikuwa wapi?"

"Labda ni mtandao."

"Mtandao wa huku unakatika. Hauchelewi saa sita."

"Basi simu ni mbovu."

"Simu mbovu haimtaji dada yangu!" Akasimama, akazunguka nyumba, akarudi. "Shemeji, niambie ukweli. Unamwona?"

Mimi sijui kusema uongo. Nikasema, "Namwona."

Ningejua yatakayofuata ningekaa kimya. Safari alikaa chini akanieleza kwamba kule nje kuna watu wanachunguza jambo hilo, kwamba wakati ni kama barabara, na wako watu wachache waliozaliwa na uwezo wa kurudi nyuma. Kwamba mimi ni mmoja wao. Kwamba nilikuwa nimerudi kwenye alfajiri, nikampigia kutoka huko, yeye akaipokea akiwa huku. Nikamwuliza, sasa kama nimerudi alfajiri, mbona Theresia amesimama mlangoni jioni? Akasema hayo ni mambo ya ndani sana.

Baada ya wiki chache kila mtu alijua. Wakaanza kuja. Jirani yangu mmoja, tunagombania mpaka wa shamba tangu zamani, alikuja na adabu kubwa, ameleta ndizi. "Baba Emiliana, ukienda tena, pita kwa marehemu baba yangu umwulize mpaka ulipita upande gani wa mti." Nikamwuliza, na akisema ulipita upande wangu? Akachukua ndizi zake.

Mwingine alitaka nikirudi nyuma nimwonye asiuze dume lake la ng'ombe. Vijana walinitania barabarani, "Mzee, tuletee bei ya sukari ya zamani!" Hao walinichekesha kidogo. Lakini alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, simfahamu, ana kitambaa cha kichwa amekikunja vizuri. Alitaka nimpelekee mama yake aliyekufa, kwa sababu walimzika bila kitambaa. Alikitoa kwa mikono miwili. Nikamrudishia. Nikamwambia, "Mama, mimi hata swali la mke wangu mwenyewe sijaweza kulijibu." Akaondoka analia, na mimi nilikasirika siku nzima. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wote waliomwambia aje.

Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Katekista wetu alisema ni maono, niombe zaidi. Mwingine wa kanisa lingine alisema ni pepo, akanishika kichwa akakitikisa mpaka shingo ikauma. Safari mwenyewe, pamoja na mambo yake yote ya simu, alinipeleka Getanuwas kwa mganga mmoja anayeheshimiwa huko kwa wafugaji. Alikuwa mtu mwenye adabu, sina ubaya naye. Alisema marehemu hakuagwa vizuri, anauliza haki yake, apewe kondoo. Tukatoa kondoo. Njiani kurudi, nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki, tumbo likapanda. Kama Safari asingekuwa amenifunga kwake kwa shuka kwa ajili ya baridi, ningeanguka barabarani na leo msingesoma haya.

Sikilizeni jambo hili, kwa maana ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Boay, mwili unasikiaje?" Waliuliza ya Theresia, ya mipaka na madume na marehemu wao. Tumbo langu halikuulizwa na mtu.

Na mimi je? Niseme ukweli wote. Nilichoka na wale watu, lakini nilitaka wawe wanasema kweli. Hasa ile habari ya simu, ilinishika. Nilikuwa naitazama ile saa kwenye simu nikiwa peke yangu, nasema moyoni, kumbe mlango upo. Siku moja nitajibu, na nikijibu atanisikia.

Halafu nikaungua. Ilikuwa mchana, nachoma mahindi jikoni. Tumbo, maziwa, mlango. Mara hii haikuishia hapo. Mwili wote ulikakamaa, nikaangukia moto. Nilipozinduka mkono wa kushoto ulikuwa kwenye makaa na harufu niliyosikia haikuwa ya maziwa. Ngozi ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Maumivu yalichelewa kidogo, halafu yakaja yote pamoja. Nilipiga yowe, majirani wakaja. Wakampigia binti yangu.

Emiliana ndiye mtoto wetu pekee aliyebaki hai. Ameolewa Babati, anashona nguo. Alifika akanikuta na mkono umefungwa kanga. Alikaa nami siku chache, na katika siku hizo hali ilinijia mbele ya macho yake. Nilipozinduka alikuwa amekaa sakafuni, amenishika bega.

"Baba," akasema, "hii ndiyo inaitwa kurudi nyuma?"

"Ndiyo. Nimemwona mama yako."

"Unajua mimi nimeona nini?" Alikuwa na hasira na machozi pamoja, kama mama yake. "Nimeona baba yangu macho wazi, hanioni. Unatafuna na mdomoni hakuna kitu. Unapapasa kifungo cha shati, unapapasa, unapapasa. Nimekuita, hujasikia. Halafu umejikojolea. Safari gani hiyo, baba?"

Kwa ndani nilikuwa mlangoni kwa mke wangu. Kwa nje nilikuwa mzee anayetafuna hewa.

Nikamwonyesha simu. Ilikuwa ndiyo ngao yangu ya mwisho. Nikamweleza kama Safari alivyonieleza, saa kumi ya alfajiri na saa nne ya asubuhi. Emiliana aliitazama ile simu, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Baba, hiyo ni kazi ya mama! Mama alichoka kila siku kuhesabu. Saa mbili asubuhi simu inamwambia nane, saa tatu inamwambia tisa. Akasema simu iko Mbulu isome kama watu wa Mbulu. Mimi mwenyewe ndiye nilimgeuzia saa, tumekaa hapo mlangoni. Nne hii ni saa nne! Ulipiga saa nne, mjomba akapokea saa nne. Hakuna kitu hapo!"

Halafu kicheko kikageuka kilio, akaikumbatia simu kifuani. Nami nilikaa pale na mkono wangu ulioungua. Saa sita za Safari zilikuwa zimekwisha. Mlango wangu pia, niliuona unafungwa. Kesho yake nikakubali kwenda hospitali.

Kwanza walitibu mkono. Halafu tukapelekwa kwa daktari wa mambo ya kichwa. Alikuwa dada mdogo kuliko Emiliana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikaanza kumweleza ya mlangoni, kwa kuwa nilishazoea kwamba hilo ndilo watu wanalitaka. Akasema, "Baba, mlango tutaufikia. Kabla ya mlango, mwili wako unasikia nini?"

Niligeuka nikamtazama Emiliana. Nadhani alifikiri sijaelewa, maana aliuliza tena polepole. Nilikuwa nimeelewa.

Nikamweleza tumbo, maziwa, ulimi na suruali. Emiliana akaeleza kifungo na kutafuna. Daktari akaandika, akauliza, "Na mama akitokea, anasema nini?"

"Anauliza kama nimefunga ndama."

"Unamjibu?"

"Siwezi."

"Anasema kitu kingine?"

"Hapana. Hilo tu."

"Amevaa nini?"

"Mtandio wa kijani. Daima."

Akaweka kalamu chini. "Baba, mimi sijasomea habari za wakati, kama mtu anaweza kurudi nyuma au hawezi. Siwezi kukudanganya. Lakini kama ungekuwa umerudi jioni ile, jioni ingeendelea. Ungemjibu, angeingia, mngekunywa maziwa, mngelala. Hii haiendelei. Inarudia pale pale, kama redio iliyokwama. Kitu kinachorudia namna hiyo kiko kichwani kwako, na mimi nakiita kifafa."

Nilikasirika. "Mimi sina kifafa. Kifafa ni kuanguka."

"Kuna kinachoangusha na kuna kisichoangusha. Kinaanzia sehemu moja ndogo ya ubongo. Kwako ni sehemu inayotunza kumbukumbu na harufu. Kikisambaa kichwa chote, ndipo unaanguka. Ndicho kilichokutupa motoni."

Wakanipiga picha ya kichwa kwa ile mashine kubwa unayolala ndani yake. Akanionyesha. Kulikuwa na vidoa vyeupe, vingine kama punje ya mtama. Akaniuliza kama tunafuga nguruwe na kama choo chetu kina mlango. Nikamweleza. Ndipo nikajua. Kuna mnyoo unaitwa tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye zile punje nyeupe, isiyoiva, tegu anakaa tumboni mwake. Mtu huyo akienda haja porini au asiponawa mikono, mayai ya tegu yanakwenda kwenye maji, kwenye mboga, kwenye vidole. Anayeyameza hayo mayai, yanaweza kupanda mpaka ubongoni na kukaa humo kama vifuko vidogo. Vingine vya kwangu vilikuwa vimeshakufa na kuwa vigumu kama kokoto. Vingine vilikuwa hai.

Nililazwa, nikapewa dawa ya kuua hao wadudu na nyingine ya kuzuia ubongo usivimbe. Daktari alinionya kwamba dawa ya minyoo kwa ugonjwa huu hainywewi kiholela nyumbani, inaweza kuleta madhara, lazima watu wa hospitali wakuangalie. Siku ya kutoka nikapewa vidonge vya kifafa, vya kumeza kila siku bila kuacha.

Nilimwomba Emiliana atoke kidogo. Nikamwambia daktari, "Nikivimeza hivi, mke wangu atakuja tena?"

Akaniambia, "Kwa njia ile, hapana, baba. Tukifanikiwa, hatakuja."

Nikashukuru, nikaenda nyumbani, nikaviweka juu ya boriti. Sikuvimeza. Emiliana alirudi Babati akijua nameza. Nilijua sasa kwamba ni kifafa, nilijua ni tegu, nilijua hata habari ya saa. Bado nilitaka kuuona ule mtandio. Anayenicheka bado hajafiwa.

Habari ya kwamba Boay ana kifafa nayo ilienea, haraka kuliko ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipowajua watu. Nilipokuwa mrudi nyuma walinikaribisha kila nyumba, walinipa kiti cha mbele. Nilipokuwa mgonjwa walinitengea kikombe. Nilikiona kwa jirani yangu yule wa mpaka. Chai ikaja, vikombe vyote vya bati, changu cha plastiki, kipya, peke yake. Wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Wengine waliuliza, "Si tulisema nguruwe ni haramu?" Nikawaambia hata asiyeonja nguruwe anaweza kuugua, kwa kula mboga iliyooshwa kwa maji machafu. Hawakusikia. Watu waliosadiki kwamba simu inaweza kukaa njiani saa sita walishindwa kusadiki kwamba mtu anapaswa kunawa mikono.

Sasa naeleza kilichonitoa katika ubishi huo.

Ng'ombe wa Theresia, yule aliyemlea tangu mdogo, alikuwa amezaa ndama jike. Jioni moja Safari alikuwa amekuja kunitazama, yuko nje anapasua kuni. Mimi niko ndani na kamba, namfunga ndama. Tumbo likapanda. Maziwa. Theresia mlangoni. "Umefunga ndama?"

Kilichofuata nimeambiwa. Mikono yangu iliendelea kufunga yenyewe, kama ilivyokuwa inapapasa kifungo. Haikufunga mguu. Ilifunga shingo, kwa kitanzi, ikavuta, ikazungusha kwenye nguzo, ikavuta tena. Safari alisikia miguu ya ndama inapiga sakafu. Akaingia na lile shoka la kuni, akakata kamba. Ndama alikuwa ametoa ulimi, macho yamegeuka. Safari akamsugua kifua, akampulizia puani, huku analia na kuita jina la dada yake.

Nilipozinduka nilimwona Safari sakafuni amempakata ndama. Kipande cha kamba kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza.

"Wewe, shemeji."

Ndama akakohoa.

"Dawa ziko wapi?" Safari akauliza. Nikanyoosha kidole juu ya boriti. Akapanda kwenye kigoda, akazishusha, akapangusa masizi kwa shati lake. "Umeze. Mimi nimeshiba safari. Simtaki dada kwa namna hii."

"Na yeye asingetaka," nikasema. Nikameza mbele yake, kwa maziwa.

Hali haikuondoka siku ile ile. Ilipungua, ikarudi, dozi ikaongezwa, nikawa na usingizi na kizunguzungu, nikalalamika, ikarekebishwa. Halafu ikakatika. Mwanzoni nyumba ilikuwa tupu kama siku ile ya mazishi. Naweza kusema nilifiwa mara ya pili, na mara hii bila watu wa kuleta pole. Lakini polepole nikaanza kumkumbuka Theresia mwingine. Theresia akimkemea nguruwe kama anamkemea mtu. Akimwimbia Emiliana kwa sauti isiyofuata wimbo. Akiniambia, "Wewe Boay, ukizikwa leo hakuna atakayejua, maana ni kimya kile kile." Hao wote sikuwa nimewaona muda mrefu. Yule mmoja wa mlangoni alikuwa amewazuia njia.

Basi namshukuru Mungu. Nawashukuru yule daktari aliyeuliza tumbo langu, na binti yangu aliyeniambia alichokiona bila kukipamba. Namshukuru Safari pia, ingawa juzi ameniletea habari nyingine ya kwenye simu na nimemfukuza.

Nawe unayesoma, kama unaona mambo ya ajabu, sikatai kwamba umeyaona. Mimi niliyaona. Lakini waeleze watu wa hospitali na yale ya mwili, hata ya aibu. Ukipewa dawa usiziache mwenyewe kwa sababu umejisikia nafuu, wala kwa sababu umemkumbuka mtu. Ukimwona mwenye kifafa ameanguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, wala usikimbie mate yake. Hayaambukizi. Mpe kikombe kama cha wengine. Nguruwe mfungie, nyama iive, choo kiwe na mlango, mikono ioshwe. Mimi nimejenga banda na choo, na jirani yangu wa mpaka amekuja kuiga. Hakusema kwamba anaiga. Nilimpa chai kwa kikombe cha plastiki, kile kile alichonitengea, nilikuwa nimekiomba nikaondoka nacho.

Ndama alikua. Sauti yake ilibaki ya kukwaruza, akilia unamjua katika kundi. Mwaka huu naye amezaa. Jioni namwingiza mtoto wake ndani, namfunga mguu, nakagua fundo mara mbili. Mlangoni hakuna mtu. Nasema hata hivyo, kwa sauti, kwa kuwa sasa mdomo unatii.

"Nimefunga."